Paneli za Ndani ya Gari Zilizokwaruzika: Zipi Zipakwe Rangi na Zipi Ziachwe

Swali limetoka kwa msomaji wa Bamburi, Mombasa, mwenye Toyota Fielder iliyotumika Japani kabla ya kuletwa nchini, ambayo wiki nzima hubeba familia pamoja na bidhaa za duka lake. Anaeleza kwamba sehemu za chini za milango zimechubuliwa na viatu na makreti. Fremu za rangi ya fedha zinazozunguka swichi za vioo zimekwaruzwa na pete na funguo hadi plastiki nyeusi ya chini inaonekana. Na paneli nyeusi ya kung'aa iliyo kando ya gia imejaa mistari myembamba inayojitokeza jua linapoipiga. Fundi mmoja wa rangi amemwahidi kuzipuliza zote kwa siku moja bila kuzibandua. Anauliza kama rangi hiyo itadumu, na kama haitadumu, afanye nini ili gari lipendeze tena bila kununua paneli mpya.

Ndugu msomaji, rangi hiyo haitadumu. Fundi wako huenda ni hodari wa kupuliza, lakini hizo ulizozitaja ni nyuso za aina tatu, kila moja na kazi yake, na kuzipuliza zote kwa mpigo mmoja ni kuliahirisha tatizo kwa miezi michache kisha kulikuta limezidi. Fremu za rangi ya fedha zinafaa kupakwa upya, na kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Paneli nyeusi ya kung'aa inataka kusuguliwa tu. Sehemu za chini za milango, kwa maoni yangu, zisiguswe na rangi kabisa. Nitaeleza sababu kwa urefu, kwa kuwa ukizielewa utaweza kuamua mwenyewe juu ya paneli nyingine ambazo hukuzitaja.

Paneli nyingi ngumu ndani ya gari la kawaida hutengenezwa kwa plastiki ya polipropilini au kwa plastiki iitwayo ABS, ambayo wakati mwingine huchanganywa na polikaboneti. Ukiibandua paneli na kuigeuza, utaona kwa nyuma herufi zilizochapwa katika plastiki yenyewe, zikiwa kati ya alama mbili zenye ncha: >PP<, >ABS<, >PC+ABS<, au >PP+EPDM-T20<, yaani polipropilini iliyotiwa mpira pamoja na asilimia 20 ya unga wa talki. Herufi hizo huwekwa ili kuwasaidia wanaochambua plastiki za kuyeyushwa upya, lakini kwa mtu anayetaka kupaka rangi hakuna habari muhimu kuliko hiyo katika gari zima. ABS huipokea rangi vizuri ikisafishwa na kukwaruzwa kidogo. Polipropilini huikataa, kwa kuwa uso wake hauvuti vimiminika, na rangi hujikusanya juu yake kama maji juu ya jani la mgomba; hata ikikauka, huwa imelala tu pale juu bila kushika, na baada ya muda utaibandua kwa ukucha.

Wako wanaopima kwa kutumbukiza kipande cha plastiki majini, kwa hoja kwamba polipropilini huelea na ABS huzama. Kwa polipropilini tupu hoja hiyo ni sahihi, maana uzito wake ni takriban gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali ABS ni takriban 1.04. Lakini polipropilini yenye asilimia 20 ya talki nayo hukaribia 1.04, na huzama vilevile. Soma herufi, usitegemee ndoo ya maji. Kwa kawaida utakuta kwamba paneli kubwa ya mlango ni polipropilini na fremu ndogo zilizopakwa rangi au kutiwa nikeli kiwandani ni ABS, lakini hakikisha kwanza, kwa sababu watengenezaji hubadilisha malighafi kutoka toleo moja hadi jingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa uzoefu wangu huharibu kazi nyingi kuliko rangi mbaya, nalo ni kuosha. Gari lililotumika limepakwa mafuta ya kung'arisha dashibodi mara nyingi sana: na mwenyewe wa kwanza, na muuzaji aliyetaka livutie, na kila kijana wa kuosha magari aliyemaliza kazi yake kwa kupitisha sponji yenye kimiminika kinachonukia. Mengi ya mafuta hayo yana silikoni. Silikoni ikibaki juu ya plastiki, hata kiasi kisichoonekana kwa macho, rangi inapotua huikimbia na kuacha vishimo vidogo vya mviringo ambavyo haviwezi kufichwa kwa mkono wa pili wala wa tatu wa rangi. Kwa hiyo mpangilio wa kazi una umuhimu mkubwa: osha kwanza, kisha piga msasa, kisha pangusa tena. Mafundi wengi huanza na msasa kwa sababu uchafu unaondoka nao, lakini msasa huo huo huisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo mipya, ambako kitambaa hakiifikii tena.

Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, pamoja na mswaki wa zamani kwa ajili ya pembe na nakshi. Suuza, kausha, halafu pangusa kwa spiriti ya aisopropili au kwa dawa ya kuondolea mafuta inayouzwa katika maduka ya rangi za magari. Shika vitambaa viwili: cha kwanza kilicholowa spiriti kinailegeza silikoni, na cha pili kikavu kinaizoa kabla spiriti haijakauka. Ukitumia kitambaa kimoja na kuacha spiriti ikauke yenyewe, umeyahamisha mafuta tu kutoka mahali pamoja hadi pengine. Vitambaa viwe visafi na visiwe vimewahi kutumika kung'arishia gari. Usipanguse ABS kwa thina wala asetoni, maana hizo huila plastiki na kuacha nyufa ndogondogo ambazo huenda usizione hadi rangi itakapokaa juu yake. Petroli nayo, licha ya hatari ya moto, huacha utelezi wake yenyewe. Ukimaliza, nyunyizia ABS maji safi: yakitandaa bila kukatika, uso ni safi; yakikusanyika matone, rudia. Kipimo hiki hakifai kwa polipropilini, ambayo huyakusanya maji hata ikiwa safi kabisa.

Jambo jingine linalohusu hapa kwetu ni kwamba gereji nyingi na sehemu za kuosha magari hutumia uwanja mmoja. Upepo wa pwani huchukua ukungu wa mafuta ya dashibodi kutoka kwenye gari linalong'arishwa hadi kwenye paneli inayosubiri rangi mita chache kando. Ukipaka nyumbani kwako, katika kivuli kisicho na vumbi, una nafasi nzuri kuliko fundi aliye katika uwanja kama huo.

Paneli zibanduliwe. Ndani ya gari haiwezekani kuosha kingo, wala kuzuia ukungu wa rangi usitue kwenye vioo, viti na mkanda, na vilevile rangi inayoishia kwenye kiungo cha paneli mbili huanzia hapo hapo kubanduka. Kabla ya kubandua, tafuta mahali palipoandikwa SRS, alama ya mifuko ya hewa. Vifuniko vya mifuko ya hewa, iwe kwenye usukani, kwenye dashibodi mbele ya abiria au kwenye nguzo za kando ambamo mifuko ya pazia imefichwa, havipakwi rangi wala kuzibwa kwa fila (ule uji mzito wa kuzibia mashimo), kwa sababu vimetengenezwa vipasuke kwa namna maalumu, na tabaka la ziada linaweza kubadilisha namna hiyo au kurusha vipande. Ukifanya kazi karibu na maeneo hayo, toa waya wa hasi wa betri na usubiri. Maelekezo ya Toyota hutaja angalau sekunde 90, nami napendekeza dakika kadhaa. Nyaya na viunganishi vya rangi ya manjano usiviguse.

Fremu ya swichi mara nyingi hunyanyuka kwa kabari ya plastiki kuanzia upande mmoja, ingawa baadhi ya magari huwa na skrubu iliyofichwa chini ya kifuniko kidogo cha mpini. Bisibisi ya chuma itaacha alama mpya hapo unapotaka kuondoa za zamani. Kama ni lazima kubandua paneli nzima ya mlango, kumbuka kwamba nyuma yake kuna nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi, ambayo huzuia maji yanayoshuka ndani ya mlango yasiingie kwenye paneli na zulia. Ukiichana na kuiacha wazi, mvua ya masika itakuonyesha matokeo. Vibanio vya chuma vilivyoko nyuma ya paneli hushika kutu upesi kwa hewa yetu ya chumvi, basi uwe na vipya vichache kabla hujaanza.

Sasa fremu za rangi ya fedha. Nakushauri uzipake zote nne kwa pamoja hata kama mbili tu ndizo zilizokwaruzika. Rangi ya fedha ina vipande vidogo vya alumini, na mwonekano wake hubadilika kulingana na jinsi vipande hivyo vilivyolala wakati wa kupuliza, kiasi kwamba kopo lile lile likitumiwa na watu wawili huleta fedha mbili. Kufananisha fremu mpya na ya zamani ni kazi inayowashinda hata wenye mashine ya kuchanganyia rangi. Kwenye kibati cha utambulisho cha Toyota utaona mstari ulioandikwa C/TR: namba ya kwanza ni rangi ya bodi, na ya pili ni ya mapambo ya ndani. Namba hiyo ya pili inasaidia sana kutafuta spea, lakini maduka ya rangi huwa na fomula za bodi tu, kwa hiyo chukua fremu yenyewe uende nayo dukani.

Baada ya kuosha, tumia msasa wa maji namba 400 kulainisha kingo za rangi iliyovunjika mpaka kidole kisihisi ngazi kati ya rangi na plastiki. Huna haja ya kuiondoa rangi yote ya kiwandani. Ile iliyoshika imara ni msingi mzuri kuliko wowote utakaouweka wewe. Mkwaruzo uliozama ndani ya plastiki uzibe kwa fila laini ya plastiki, tabaka jembamba, kisha ilainishe ikishakauka. Malizia uso wote kwa namba 600 na 800. Usiishie kwenye 400 kwa kudhani kwamba praima, yaani rangi ya msingi, itaficha, maana rangi ya fedha huonyesha kila mstari uliobaki chini yake.

Pangusa tena kwa vitambaa viwili, kisha puliza praima ya plastiki, mkono mmoja au miwili myembamba. Soma maelezo ya kopo kuhusu muda, kwa sababu baadhi ya praima za plastiki zinataka rangi ifuate zikiwa bado changa, na zikipitiliza muda huo hupoteza nguvu yake ya kushikisha. Palipotiwa fila, weka pia praima ya kijivu na uilainishe, la sivyo sehemu hiyo itanyonya rangi na kubaki na kivuli chake. Rangi ya fedha ipulizwe kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, ukianza na kingo na pembe, halafu uso, mkono ukiwa tayari unatembea kabla rangi haijatoka na ukiendelea kutembea baada ya kufika mwisho wa fremu. Mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukipewa dakika 10 hadi 15, ni bora kuliko miwili mizito. Mkono wa mwisho uwe wa ukungu mwepesi kutoka mbali kidogo, ili vipande vya alumini vilale sawasawa. Usijaze rangi kwenye tundu la swichi wala kwenye meno ya kushikia, kwa sababu unene mdogo tu unatosha kuifanya swichi ikwame. Meno hayo yazibe kwa tepu ya karatasi.

Juu ya fedha lazima iwepo laka isiyo na rangi, kwani bila hiyo jasho la vidole litaikwangua fedha yenyewe. Chagua yenye mng'ao wa kadiri. Laka inayong'aa sana juu ya fremu ya mlango hurudisha jua machoni, na hukumbusha kila anayeketi kwamba kitu kimepakwa. Kwa kitu chochote kilicho juu ya dashibodi, ambapo mwanga huakisiwa kwenye kioo cha mbele, sishauri mng'ao hata kidogo.

Hali ya hewa ya Mombasa inadai uangalifu ambao maelezo ya kopo, yaliyoandikwa kwa nchi nyingine, hayautaji vya kutosha. Thina iliyomo ndani ya rangi inapokauka hupoza uso wa paneli, na hewa ikiwa imeshiba unyevu, maji hutua juu ya rangi mbichi na kuacha weupe wa ukungu ndani ya laka. Asubuhi unyevu wetu mara nyingi hupita asilimia 80. Kanuni ya wapaka rangi ni kwamba uso unaopakwa uwe na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone, kwa angalau nyuzi 3 za selsiasi, na kanuni hiyo kwetu ina maana ya kupaka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, katika kivuli chenye hewa, siku isiyo na mvua. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ndiyo miezi mizuri. Aprili na Mei ungoje. Usiipeleke paneli juani mara tu baada ya kupuliza kwa haraka ya kuikausha, maana ngozi ya juu itakauka kwanza na kuifungia thina ndani, nayo ikitafuta njia ya kutoka italeta mapovu. Iache kivulini siku nzima, na uipe takriban wiki moja kabla ya kuirudisha kwenye pete na kucha. Makopo yenyewe usiyaache ndani ya gari: yameandikwa yasipite nyuzi 50, na dashibodi ya gari linalosubiri feri ya Likoni juani, vioo vikiwa vimefungwa, inaweza kupita nyuzi 70.

Jaribu mshiko kabla ya kuipaka fremu nzima. Paka mahali pa siri upande wa nyuma kwa hatua zile zile, ngoja siku moja, kata mistari michache ya kupishana kwa wembe, gandisha tepu imara juu yake na uivute kwa ghafla. Rangi ikiondoka na tepu, ama hukuosha vya kutosha, ama umekosea plastiki, ama praima hiyo haifai. Afadhali kulijua hilo nyuma ya paneli kuliko mbele yake.

Neno moja kuhusu dawa za mbu. Zile za kujipaka zenye DEET huyeyusha plastiki nyingi na rangi. Mtu aliyejipaka jioni kisha akashika mpini wa mlango au swichi anaweza kuacha alama ya vidole ambayo haitatoka kwa kupangusa, kwa sababu haiko juu ya rangi, imeingia ndani yake. Fremu zikionekana zimelainika au zimechakaa kwa umbo la vidole, chunguza hilo kabla ya kulaumu pete.

Paneli nyeusi ya kung'aa ni rahisi zaidi. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: usipokwama, mkwaruzo huo uko juu juu na utaondoka kwa kusugua. Osha kwanza, kisha tumia kompaundi laini (dawa ya kusugulia rangi) kwa kitambaa cha maikrofaiba, eneo dogo kwa wakati mmoja, na umalizie kwa polishi. Mistari sugu ilainishwe kwa msasa wa maji namba 3000, na pale tu itakapokataa ndipo uende 2000 na kurudi tena 3000, kisha kompaundi. Ukitumia mashine, iende polepole, kwa sababu ABS huanza kulegea karibu na nyuzi 100 na msuguano wa mashine unaweza kufika huko kwa sekunde chache. Kama ukucha unakwama, punguza tu kingo za mkwaruzo ili usivutie macho, au funika paneli yote kwa stika nyeusi ya kung'aa; wapo vijana wa stika za matatu mjini wanaoifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Chanzo cha mistari hiyo ni kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, na mchanga wa ufukweni unaoletwa na viatu na taulo hukwaruza plastiki bila shida. Puliza au suuza vumbi kwanza, kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Angalizo kwa wenye paneli zenye sura ya mbao: mara nyingi mbao hiyo ni picha iliyochapwa chini ya tabaka la laka, na ukiipita laka kwa msasa hakuna kitakachoirudisha picha.

Nimebakiza milango, ambayo nadhani ndiyo inayokukera zaidi. Sehemu hiyo ina nakshi ya ngozi iliyochapwa na kalibu kiwandani. Msasa ukipita hapo hukata vilele vya nakshi na kuacha kipara kinachong'aa, na fila ikiwekwa huacha kipara kikubwa zaidi, ambacho rangi hukionyesha badala ya kukificha. Ongeza kwamba ni polipropilini, na kwamba ni mahali panapopigwa teke kila siku, utaona kwa nini nasema rangi si jibu. Anza kwa kuosha. Sehemu ya yale unayoyaona kuwa mikwaruzo huenda ni mpira wa soli ulioganda juu ya plastiki, nao hutoka kwa spiriti na mswaki. Sponji nyeupe za kufutia kuta ni msasa laini, zitabadilisha mng'ao wa eneo, hivyo usizikimbilie.

Mikwaruzo halisi ambayo imegeuka myeupe hupungua kwa joto. Weupe huo ni plastiki iliyovutwa ikachanika kwa ndani, na ikipashwa moto hurudi kulegea na kupata rangi yake. Kata kwanza kwa wembe nyuzi zilizosimama kwenye kingo za mkwaruzo, kisha tumia mashine ya hewa moto kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15, ikitembea bila kusimama, kwa vipindi vifupi. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160, lakini nakshi hupotea mapema, na dalili yake ni uso kuanza kung'aa. Ukiiona, ondoa moto papo hapo. Jifunze kwanza kwenye kipande kilichofichika, na usiukaribishe moto kwenye kitambaa wala ngozi bandia yenye sponji nyuma yake. Mfereji mkubwa unaweza kujazwa kwa chuma cha kulehemu nyaya na kijiti cha polipropilini, kazi ambayo mafundi wa kushona bampa wanaijua vizuri, ingawa nakshi haitarudi, na kwa sababu hiyo mimi huikubali tu mahali ambapo kiti kinaficha.

Mlango ulioharibika kupita hapo ubadilishiwe paneli iliyotumika. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, magari ya toleo moja huingia kwa wingi katika kipindi kimoja, na spea zake zilizotumika Japani huwafuata. Linganisha namba ya C/TR, angalia kwamba paneli imetoka kwenye gari la usukani wa kulia, na ugeuze nyuma kutazama kama vikalio vya vibanio havijavunjika, kwani paneli yenye sura nzuri na vikalio vilivyovunjika itapiga kelele barabara nzima. Ikiwa umepata ya rangi tofauti na huna njia nyingine, hapo rangi inakubalika: praima mahususi ya polipropilini, ile yenye poliolefini iliyotiwa klorini, na juu yake mikono myembamba ya rangi inayonyumbulika, bila fila na bila kuijaza nakshi.

Juu ya fundi wako, sikwambii uachane naye. Mpelekee fremu nne zikiwa zimebanduliwa na kuoshwa, mwonyeshe herufi za nyuma, umuulize anatumia praima gani kwa plastiki hiyo, na umwombe ajaribu kwanza nyuma ya fremu moja. Akiwa anatumia rangi au laka ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuifanya iwe ngumu), usikae karibu anapopuliza wala usikubali aipulize ndani ya gari, maana hadina hizo zina isosianeti, ambazo huweza kusababisha pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Anahitaji kofia au barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Fremu zikirudi, unganisha swichi na waya wake, washa gari, pandisha na ushushe kila kioo, kisha ndipo uzibonyeze mahali pake. Kioo kikisita kurudi juu, angalia kwanza kama kuna rangi iliyojaa pembeni mwa kitufe, uipunguze kwa msasa namba 800 kabla fremu haijafungwa.